Usiitafute Diski Ndani ya Begi

Zaina mwanangu,

Najua utalikagua begi kabla ya kulala, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kukagua kila kitu mara mbili. Utapitisha mkono chini ya nguo, utakigusa kile kitambaa cha kijani, na utahisi kimekuwa chepesi. Usiitafute diski. Haimo. Mwizi hakuingia, wala sikuihamishia mahali pengine. Mimi mama yako nimeitoa, na mahali pake nimeweka karatasi hizi. Kasirika, ni haki yako, lakini usome mpaka mwisho, na usome leo, kabla motari hajafika na pikipiki yake alfajiri kukupeleka kazini Salamabila.

Ninaandika mchana huu, wewe umekwenda kumuaga bibi yako. Ningeweza kungoja nikuambie kwa mdomo. Lakini mdomo wangu mbele yako umezoea kuamrisha, na wako mbele yangu umezoea kujibu. Juzi tulipojaribu, wewe uliishia kusema, "Mama, weye unaogopa hata kivuli ya kuku," na mimi nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Kwenye karatasi nitakwenda pole pole.

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia ulale ndani ya chandarua, wala namna ya kukaa na wanaume wa machimboni. Hayo shangazi yako Kisubi ameshakuambia mbele ya majirani wote, kwa sauti kubwa, na kwa mifano iliyonitia haya. Mimi nitasema juu ya kazi yetu tu, na juu ya kosa langu. Hukuwahi kulisikia. Ulikuwa na miaka tisa, na nilikuficha.

Lazima nianzie shuleni, kwa masista. Nilikuwa binti wa familia ya msikitini katikati ya wasichana wa parokia, nimefunga kichwa, nimekaa dawati la nyuma. Sista aliyetufundisha alitutaka tuandike kila somo mara mbili: darasani kwa penseli, nyumbani kwa kalamu, daftari lingine. Wenzangu walicheka wakaacha. Mimi niliandika. Daftari la pili nililitundika jikoni, juu ya moshi, ili mchwa wasilifikie. Mwaka wa mwisho mchwa waliingia kabati la shule na kula madaftari ya darasa zima, mtihani ukiwa karibu. Yaliyobaki ni yale yangu, meusi kwa masizi, yananuka samaki. Wote walinakili kwangu. Sista aliinua daftari moja juu akasema, "Kitu chenye nakala moja tu kimekwisha kupotea." Siku hiyo alinihamishia dawati la mbele.

Sentensi ile niliibeba kama wengine wanavyobeba dua. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa shuleni, ikiwa ndani ya sanduku, walimu walitafuta mwanafunzi ambaye hawezi kuvunja kitu. Walinitazama mimi. Ndivyo nilivyoanza, na miaka zaidi ya ishirini imepita. Mji mzima wa Kasongo ukaniita Mama Mashini kabla hata sijazaa.

Unakumbuka yule mkuu wa shule aliyetuita kwa haraka, eti kompyuta yake inazimika yenyewe kwa sababu ya wachawi? Tulifika tukaikuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, na inawaka chini yake kama mtoto mwenye homa chini ya blanketi.

"Mwalimu mkuu, inakosa pumzi," nikamwambia.

"Ukiitoa kile kitambaa itakosa heshima!" akajibu. "Kitu ya bei kama hii, unaiacha uchi mbele ya wanafunzi?"

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini njiani nilifikiri kwamba watu wetu hawaharibu mashine kwa dharau. Wanaziharibu kwa heshima. Nami nilikuwa na kitambaa changu cha maua, ila sikukiona.

Kitambaa changu kilikuwa nakala. Kila kazi iliyopita mezani kwangu niliitunza: ripoti za wanafunzi, barua za ofisini, picha za harusi, simu za marehemu. Unajua familia zilivyokuja siku ya tatu ya matanga na simu ya aliyekufa, wakisema, "Mama Mashini, utufungulie, tunataka sura yake." Niliwafungulia, nikawatolea picha na sauti, na nilipowarudishia, kipande kilibaki kwangu. Sikuwaomba ruhusa. Niliona ni wema. Nilijiambia kwamba mwaka mmoja watarudi wakilia kwamba simu imezama mtoni, nami nitafungua kopo tupu la maziwa, nitatoa diski ninamotunza nakala zote, nitasema: kwangu kitu hakipotei. Na kweli walirudi, mara nyingi. Sitasema uongo kwamba haikunifurahisha. Nilikuwa tena msichana wa dawati la mbele, daftari limeinuliwa juu.

Wakati huo, kule Kabambare, upande wa machimbo, mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama homa. Mtu akiwa na barua ya kufika mbali aliiandika huko kwenye kompyuta ya mtu, akaitia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, ile ndogo kama ukucha, akaifunga kwa karatasi na kumpa Asumani motari. Asumani alizibeba kadi ndani ya kopo la dawa, kwenye mfuko wa kifuani, siku mbili au tatu njiani kama mvua imeharibu barabara. Alifika kwangu na matope mpaka kwenye nyusi, akatikisa kopo lile kama kayamba, akasema, "Mama Zaina, posta imefika, weka chai." Mimi niliprinti, au nilituma, kisha kadi zikarudi na yeye.

Kadi moja ilitoka kwa Mwalimu Sumaili wa Kabambare. Sikuwahi kumwona uso wake. Nilimjua kwa kuandika kwake: hakukosea nukta. Barua yake ilieleza mambo ya shimo moja la dhahabu, na mtu aliyejifanya mwenye shimo, na vijana wake waliokuwa wakiwapiga watu usiku na kuwatoa katika mashamba yao. Chini yake kulikuwa na majina ya walioshuhudia, ukurasa mmoja na nusu, kila jina na mahali nyumba ilipo. Alitaka nakala tatu za karatasi kwa wakubwa. Niliprinti tatu, nikamkabidhi Asumani. Na ya nne niliitia kwenye diski. Mkono ulikwenda wenyewe. Sikufikiri lolote.

Siku chache baadaye alikuja mgeni. Alikuwa safi, viatu vinang'aa, na hilo peke yake, kwa mtu aliyetoka njia ile, lingetosha kunifungua macho.

"Hodi, Mama."

"Karibu. Keti."

"Miye natoka Kabambare. Mwalimu Sumaili amenituma. Mama, tuko na shida. Ile kadi yake imeingia maji kwa mto, na makaratasi yote imelowa. Barua imepotea yote. Sijui kama iko namna ya kusaidia."

Hakujua, Zaina. Ungeweza kumtazama usoni ukaona kwamba anabahatisha tu. Mimi ndiye niliyecheka, nikainuka, nikachukua kopo la maziwa juu ya kabati.

"Kupotea? Kwangu kitu hakipotei, baba."

Alitazama diski mkononi mwangu. "Kumbe! Yote iko ndani ya hii?"

"Yote. Tangu mwanzo."

"Ya watu wote?"

"Ya watu wote."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa shamba. Nikamuuliza aprintiwe ngapi. "Hapana kuprinti, mama. Unitilie tu hapa ndani." Alikuwa na kadi yake, mpya, haijawahi kutumika. Barua inayokwenda kwa wakubwa ni ya karatasi, ni ya sahihi na muhuri. Mimi ninajua hilo kuliko mtu yeyote wa mji huu. Lakini nilikuwa na furaha. Nilimtilia, nikampa chai. Alipoaga, aliigusa diski kwa kidole kimoja, akasema, "Weye iko mwalimu wa kweli. Uitunze vizuri."

Majuma mawili yakapita, Asumani akaja. Hakutikisa kopo. Aliliweka mezani, akakaa bila kuvua kofia.

"Leo kadi hakuna, Mama Zaina."

"Mwalimu iko mgonjwa?"

"Nyumba iko. Mlango iko wazi. Sufuria iko juu ya majiwe, na ugali ndani. Watu, hakuna."

"Wamekwenda wapi?"

"Nitajua wapi? Nimepita kwa jirani, hakuna. Nimepita kwa ule fundi wa baiskeli, hakuna. Kwa ule mzee wa kisima, hakuna." Alikuwa akihesabu kwa vidole. Alipofika kidole cha nne, mimi nilitaja jina la tano kabla yake.

Alinyanyua macho. "Mama, umejua namna gani?"

Nilijua kwa sababu alikuwa akifuata ukurasa wangu. Jina kwa jina, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio ule ule wa Mwalimu Sumaili ambaye hakukosea nukta. Nikamwambia nimesikia sokoni. Asumani alikunywa chai yake nusu, akaondoka. Baada ya hapo alibadilisha njia, na posta yake haikufika kwangu tena.

Nilifunga duka. Wewe ulirudi shuleni ukanikuta nimelala, ukauliza, nikasema malaria. Ulinipikia uji wenye madonge, ukanilisha kwa kijiko, na kila kijiko nilikimeza pamoja na uongo wangu. Baadaye nilisikia watu wakisema kwamba wengi walikimbia porini kabla hawajafikiwa, kwamba wengine wameonekana ng'ambo ya mto, wazima. Labda ni wote. Mpaka leo ninaomba iwe ni wote. Lakini sijapata barua hata moja isiyokosea nukta, na kila kadi inayoletwa na motari wengine kutoka upande ule ninaifungua nikitumaini.

Utaniuliza kwa nini sikuiharibu diski siku ile ile. Nimejiuliza miaka kumi na moja. Nilijiambia ni ushahidi, siku moja utahitajika. Nilijiambia ndani yake mna picha za watu ambao familia zao hazina nyingine. Nilijiambia mna sauti ya baba yako, ule ujumbe aliotuma akiwa njiani, akikuimbia vibaya kwa makusudi ili ucheke, majuma machache kabla hatujamzika. Yote yalikuwa kweli. Lakini chini ya yote hayo kulikuwa na msichana wa dawati la mbele asiyetaka kurudi nyuma. Niliihamisha tu kutoka kopo la maziwa mpaka chini ya kitanda, nikakuambia usiitaje kwa mtu. Wewe hukuuliza sababu. Nilikulea vizuri mno katika kutokuuliza, na hilo ni kosa langu la pili.

Sasa nifike kwa yule bwana wa Salamabila anayekupa kazi.

Wiki iliyopita ulikuwa ukitwanga sombe, majani ya muhogo ya jioni, simu iko juu ya ndoo, ukaicheza sauti aliyokutumia mara mbili kwa furaha. Mimi nilikuwa ndani nikikunja nguo. Alisema duka liko tayari, vyombo viko, umeme wa jua haukosi, wachimbaji wanaleta simu kila siku hata anashindwa. Kisha akasema: "Hapana kubeba mizigo mingi. Ulete tu ile diski ya mama yako. Na umwambie mama aksanti, ameitunza vizuri."

Nguo zilinitoka mikononi. Nilitoka nikakuuliza, "Huyu mtu anakujua wapi?" Ukajibu, "Aa, Mama, Kasongo nzima inakujua weye, kwa nini yeye hapana?" Nikarudi ndani kuokota nguo. Hata juzi tulipogombana sikuitaja sauti ile, na wewe umefikiri diski nimeridhia iende.

Kasongo nzima inajua kwamba ninatengeneza kompyuta. Kwamba ninatunza nakala, wengi waliorudi wakilia wanajua, nao walifikiri ni bahati, au kumbukumbu ya mashine. Lakini diski yenyewe, kwamba ni moja, kwamba yote imo humo, na kwamba bado ipo, tunajua wawili, mimi na wewe. Watatu, tukimhesabu mtu niliyemwonyesha.

Sisemi ni yeye. Nimeisikiliza sauti ile simu yako ilipokuwa kwenye chaji, mara saba, sikio limegandamana nayo. Sauti ndani ya simu inakonda, mwanangu, kila mtu anaweza kuwa kila mtu. Tena miaka ni mingi. Inawezekana wewe mwenyewe ulimwambia, kwa kujisifu kidogo kwamba huji mikono mitupu: nina diski ya mama, mna programu zote, mna nyimbo, ameitunza miaka. Kijana anayetafuta kazi husema hivyo. Kama ulisema, basi ile aksanti yake ni adabu tu, na mimi ni mwanamke anayeogopa kivuli cha kuku.

Lakini hata kama ni hivyo, diski isingekwenda. Asubuhi, ulipotoka, nilikifungua kitambaa chako cha kijani. Nilitaka kwanza kuifuta, halafu nikakumbuka swali nililokuuliza ukiwa na miaka kumi na minne, na wewe ukajibu sawasawa: kufuta ni kuondoa jina mlangoni, mtu bado yumo ndani ya nyumba. Basi nikaiunganisha kwa mara ya mwisho. Nikaiprinti picha moja, ile ya baba yako ameegemea baiskeli ya kuazima. Wino ulikuwa unakwisha, uso wake umepitiwa na mistari myeupe, utanisamehe. Imo ndani ya karatasi hizi. Karatasi ina mwenyewe mmoja, na unaona iko mkononi mwa nani.

Sauti yake haichapiki. Niliisikiliza mara moja tu. Ungekuwepo ungecheka, alikuwa ameongeza ubaya kwenye ubeti wa pili.

Halafu nikapeleka diski uani, nikaitia ndani ya kinu cha sombe, nikachukua mchi. Jirani akapaza sauti juu ya ukuta wa matete, "Mama Zaina, leo unatwanga majiwe?" Nikamjibu, "Sombe imekomaa." Ilichukua muda. Ni ngumu kuliko unavyofikiri, ndani mna sahani kama ya kioo, ilipopasuka iling'aa kila upande. Nimezika vipande mahali tofauti tofauti, na kinu nimekiosha maji matatu, lakini leo usile sombe hapa nyumbani.

Sasa kazi yangu yote ina nakala sifuri. Nilitegemea kuhisi nimekuwa mtupu. Badala yake nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikahisi mgongo umenyooka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Salamabila au hapa, watakuletea simu. Uliza ni ya nani, kisha nyamaza. Mwenye simu atakujibu haraka, hata kwa hasira. Asiye mwenyewe ataanza kukueleza habari ndefu, na mto utakuwemo, na maji, na watu wanaolia. Mimi niliisikia habari ndefu, nikaipenda. Na kazi ya mtu ikiisha, iende naye yote. Sista wangu alikuwa sahihi juu ya mchwa. Juu ya watu hakuwahi kunifundisha, labda naye hakujua.

Motari wa kesho nimemwagiza apite kwanza hapa ndani anywe chai, asikupigie honi kutoka barabarani. Kwa hiyo tutakuwa na muda kidogo. Sitakuuliza mbele yake, wala sitakuuliza leo ukirudi. Ukishasoma, uje jikoni uniambie neno moja tu. "Nilimwambia," au "Sikumwambia."

Ukisema ulimwambia, nitalibeba begi lako mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, na utanicheka, na nitakubali kuchekwa mpaka Asumani asikie huko aliko. Usiniongopee lakini. Mimi nilikudanganya kwa malaria, na ninakusihi deni hilo usinilipe kwa namna ile ile.

Ukisema hukumwambia, motari atamaliza chai yake na kurudi na kiti kitupu, na kesho tutakaa sisi wawili tufikirie ni wapi pengine mkono mzuri kama wako unahitajika. Dunia haina duka moja. Nina matumaini, Zaina. Hata nilipokuwa nikitwanga nilikuwa nayo.

Nakusikia sasa kwenye njia ya kwa Mama Mwajuma, unamtania mtu, unacheka kile kicheko cha baba yako. Lazima nimalize. Kitambaa nimekifunga kwa fundo lako lile lile, na nimekirudisha chini ya nguo. Begi lenyewe ulikuwa umeliweka karibu na mlango. Nimelirudisha ndani, pembeni ya kitanda changu.

Mimi mama yako.